KUOSHA USO MARA MBILI: NANI ANAHITAJI?

Wengi wetu huku Bagamoyo tunaosha uso mara moja tu, kwa maji na sabuni. Je, tuoshe mara mbili? Inategemea kazi tuliyofanya siku hiyo.

Kina mama wanaolima mwani Mlingotini hurudi na chumvi na jasho usoni. Chumvi huyeyuka katika maji. Basi, mara moja yatosha.

Lakini wanaokaanga samaki sokoni hurudi na mafuta na masizi. Maji matupu hayaondoi mafuta. Wanja nao hung'ang'ania. Hata mafuta ya kukinga jua wanayopaka ndugu zetu wenye ualbino hayatoki upesi. Hapo tuoshe mara mbili, hivi:

1. Tunawe mikono.
2. Tupake usoni mafuta ya nazi kidogo, tusugue polepole. Mafuta huyeyusha mafuta.
3. Tufute kwa kitambaa laini na safi.
4. Tuoshe kwa sabuni kidogo, kisha tusuuze kwa maji safi.

Mwenye chunusi aache mafuta ya nazi, maana huziba vitundu vya ngozi. Wala tusioshe kwa sabuni kila saa. Ngozi hukauka, ikawasha na kupasuka.

Tukumbuke pia: kuosha ni kutoa uchafu, siyo kubadili rangi. Sabuni na krimu za kujichubua zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini. Zebaki hupenya ngozi, ikadhuru figo. Tusizinunue, hata zikiuzwa bei rahisi.