Shimo la Moto Uani: Chagua Linalozimika

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie shimo la moto, lile la uani ambapo familia huota moto, huchoma mahindi na kuinjika chungu cha maharage. Wenye nyumba za wageni nao, kama wale wa Mikumi, huweza kumchimbia mgeni shimo la namna hiyo bustanini ili aote moto baada ya kutoka kutazama wanyama. Tunapochagua shimo huwa tunauliza litawakaje. Mimi nasema tuulize kwanza litazimikaje.

Sababu iko wazi kwa anayezijua Kilosa na Mikumi wakati wa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi hukauka, na nyumba za makuti au nyasi hukauka vilevile. Mji wa Mikumi umepakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na mbuga na misitu ya miyombo imeenea huku na huko. Cheche haiulizi mpaka wa shamba la mtu wala wa hifadhi.

Basi tuanze na mahali. Kwa jioni mbili tatu, rusha majivu kidogo hewani uone upepo unayapeleka wapi. Shimo likae mahali ambapo upepo hautapeleka cheche kwenye paa, ghala wala banda la kuku. Mimi husema hatua kumi kutoka kwenye paa la nyasi ndiyo iwe kima cha chini. Kwangua majani pande zote mpaka udongo uonekane, na usichimbe karibu na shina la mti. Mzizi mkavu huweza kuchukua moto chini kwa chini, ukaja kutokea mbali wakati wewe umelala.

Kina nacho kina kiasi chake. Shubiri moja na nusu hutosha. Shimo likizidi kwenda chini, hewa haifiki na moshi unakuwa mwingi. Walio mabondeni wakumbuke pia mvua. Mto Mkondoa ulifurika vibaya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na wakazi wengi wa Kilosa walipoteza makazi. Udongo wa bondeni hushika maji, na shimo lililoachwa wazi masika huwa dimbwi la mbu. Huko ni heri kuinua moto juu ya tuta la udongo wa kichuguu na kulizungushia matofali ya kuchoma.

Sasa mawe. Figa moja haliinjiki chungu, lakini hata mafiga matatu yanaweza kukuumiza kama umeyaokota mtoni. Jiwe la mtoni huwa na maji ndani ya vinyufa vyake. Likipata moto mkali maji yale hugeuka mvuke, mvuke ukakosa njia, jiwe likapasuka na vipande vikaruka usoni mwa watu. Chukua mawe ya mlimani yaliyo makavu, na siku ya kwanza uyapashe kwa moto mdogo.

Kuni nazo ziwe kavu. Usichome mnyaa uliokatwa kwenye ua, maana utomvu wake ni mkali na moshi wake huwasha macho. Plastiki usiitie kabisa.

Nimefika kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hufukia moto kwa mchanga, wakaenda kulala wakidhani wameuzima. Lakini bibi zetu walifanya nini walipotaka moto ufike asubuhi bila kwenda kuomba kaa kwa jirani? Waliyafukia makaa kwa majivu! Kufukia ni kuhifadhi moto. Juu panaonekana pamepoa, chini kaa lingali jekundu, na asubuhi mtoto anakuja kukanyaga kwa mguu mtupu.

Kuzima ni hivi: mwaga maji, koroga kwa kijiti, mwaga tena, mpaka mlio na mvuke viishe. Kisha sogeza mgongo wa mkono juu ya majivu. Ukisikia joto, bado. Kwa hiyo, mahali ambapo ndoo ya maji haifiki kwa urahisi hapafai kuchimbwa shimo la moto, hata pawe pazuri namna gani.

Ikitokea mtoto ameungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika ishirini, kisha mfikishe kituo cha afya. Usimpake mafuta, unga wala dawa ya meno.

Na wewe mwenye mgahawa au nyumba ya wageni, usimwachie mgeni kazi ya kuzima. Yeye amekuja kuota moto, na kesho ana safari yake. Wewe na jirani zako ndio mtakaobaki na paa hilo la nyasi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.