Kwa Nini Pikipiki Hukataa Kuwaka

Mhariri aliniambia niandike juu ya jambo ninalolijua, nami hakuna nijualo vizuri kama pikipiki, kwa maana Jumamosi zangu nyingi huisha nikishika tochi na spana katika gereji ya jua kali jirani na kwetu. Najua kuna watakaonicheka wakisema kuwa swichi si mada ya Chama cha Kiswahili. Kwani swichi hazisemeki kwa Kiswahili?

Nianze na kisa chenyewe. Mjomba wangu ana pikipiki ya Kijapani ya miaka ya 1980 ambayo hubebea maziwa. Ni kuukuu lakini ina stata ya kubonyeza. Siku moja ilianza tabia mpya: ikiwa kwenye nyutro, yaani haina gia, haikubali kuwaka mpaka avute klachi. Ilikuwa inamsumbua, akaipeleka kwa fundi mmoja sokoni. Fundi alifungua tangi, akachungulia, akatia kipande cha waya, na baada ya dakika kumi pikipiki ikawaka hata bila klachi. Mjomba alilipa na kushukuru.

Asubuhi ya pili yake alisimama kando ya pikipiki, akavuta klachi na kutazama taa ya kijani ya nyutro. Ilikuwa imewaka. Akabonyeza stata, injini ikanguruma, naye akaachia klachi ili afunge kamba ya mtungi wa mwisho. Lahaula! Pikipiki iliruka mbele kama ng'ombe aliyechomwa sindano, ikamkokota na kumwangukia. Kifundo cha mguu kikavunjika, na lita 40 za maziwa zikanywewa na vumbi. Alikaa na plasta wiki sita, na wiki hizo sita maziwa yalipelekwa na binamu yangu kwa baiskeli.

Majirani wote walisema ni uzembe. Mtu mzima anawashaje pikipiki ikiwa kwenye gia? Hata mimi nilifikiri hivyo, ingawa sikuthubutu kumwambia. Yeye alishikilia neno moja tu: "Taa ilikuwa imewaka." Hakuna aliyemsadiki. Makala haya ni ya kueleza kwamba mjomba alisema kweli.

Kwanza tuelewe stata. Mota ya stata hula umeme mwingi sana, yapata amperi 100 inapoanza kuzungusha injini. Umeme huo ukipitishwa kwenye kitufe kidogo cha usukani, kitufe kitayeyuka. Kwa hiyo waundaji walitumia rilei. Waya nene hutoka kwenye betri hadi rilei, na kutoka rilei hadi mota. Ndani ya rilei mna koili, na koili ikipata umeme kidogo huwa sumaku, huvuta chuma, nacho huunganisha zile waya nene. Utasikia "kta!" Sisi wa Kidato cha Tatu tumeshafundishwa sumaku ya umeme, wa Kidato cha Kwanza na wavumilie.

Basi, ukitaka kuizuia stata huna haja ya kuzigusa waya nene. Inatosha kuikatia koili njia yake. Hapo ndipo swichi za usalama zilipowekwa.

Na kwa nini stata izuiwe? Kwa sababu ya nguvu yake. Mtu anayepiga kiki huku pikipiki iko kwenye gia huhisi mara moja kwa mguu kwamba kuna kitu kinakataa. Kidole kwenye kitufe hakihisi chochote. Mota ya stata yaweza kuisukuma pikipiki nzima, na injini ikishika moto katikati ya huko kusukumwa, pikipiki imekwenda zake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye utamu. Kwenye Honda nyingi za zamani, umeme wa koili ya rilei hutoka kwenye kitufe kwa waya wa manjano wenye mstari mwekundu. Ukishaingia kwenye koili lazima upate njia ya kurudi kwenye chuma cha pikipiki, ambacho mafundi hukiita athi. Njia za kurudi ni mbili. Ya kwanza hupita kwenye swichi ya klachi, chini ya mkono wa klachi pale kwenye usukani. Waya wake ni wa kijani wenye mstari mwekundu. Ukivuta klachi, swichi hufunga na njia hupatikana. Ya pili hupita kwenye swichi ya nyutro iliyofungwa kwenye giaboksi. Waya wake ni wa kijani hafifu wenye mstari mwekundu. Gia zikiwa kwenye nyutro, ncha ya swichi hugusa athi. Kwa hiyo stata itakubali ukiwa kwenye nyutro, au ukiwa umevuta klachi. Ukikosa yote mawili, bonyeza mpaka kucha ing'oke, haitaitika.

Lakini swichi ya nyutro ina kazi nyingine pia. Ndiyo inayowasha taa ya kijani. Balbu hupata umeme kutoka kwenye ufunguo, kisha nayo hutafuta athi kupitia swichi hiyo hiyo ya nyutro. Mnaona tatizo? Waya wa klachi na waya wa nyutro vinakutana. Vikiunganishwa hivi hivi, umeme wa balbu utapata njia mbili: utaweza kushuka kwa swichi ya nyutro, au kurudi nyuma na kushuka kwa swichi ya klachi. Yaani kila ukivuta klachi, taa ya kijani itawaka, hata kama uko kwenye gia ya kwanza!

Waundaji waliliona hilo. Wakaweka kijidude kiitwacho dayodi kati ya waya hizo mbili. Dayodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Umeme wa koili ya rilei huruhusiwa kupita kwenda kwenye swichi ya nyutro, lakini umeme wa balbu hauruhusiwi kurudi kwenye swichi ya klachi. Mambo ya dayodi tutayasoma Kidato cha Nne, lakini mguu wa mjomba haukungoja silabasi.

Naam, ile tabia mpya ya pikipiki ya mjomba ilitokana na dayodi iliyokufa. Mlango ulikuwa umefungwa pande zote mbili. Nyutro ipo, taa inawaka, lakini koili haina njia ya kufika huko, ndiyo maana ilihitaji klachi. Fundi wa sokoni aliitoa dayodi na kuweka waya mahali pake. Alikuwa amebadilisha mlango kwa tundu. Stata ikapona, na taa ikageuka kuwa mwongo. Mjomba alivuta klachi, taa ikawaka kwa ajili ya klachi, yeye akadhani ni kwa ajili ya nyutro. Alipoachia, taa ilizimika, lakini nani angeitazama wakati huo?

Yule fundi simwiti mtu mbaya. Aliulizwa kwa nini pikipiki haiwaki, akaiwasha. Ubaya wa kuunganisha waya moja kwa moja ni kwamba unaondoa dalili na kuacha ugonjwa. Na mteja naye hufurahi, maana alichotaka ni kuwahi kazini.

Kumbe pikipiki yenyewe hukueleza imeumia wapi, ukiwa na subira. Ikiwaka kwenye nyutro lakini ikakataa kwenye gia hata ukivuta klachi, tazama swichi ya klachi. Mara nyingi ni kutu, au kijiti chake kidogo kimekwama ndani. Ikikubali kwa klachi pekee na taa ya kijani haiwaki kabisa kwenye nyutro, nenda chini kwenye giaboksi. Waya wa swichi ya nyutro hukaa karibu na mnyororo, kwenye mafuta na matope, na huchomoka upesi. Ikikubali kwa klachi pekee lakini taa inawaka vizuri kwenye nyutro, hiyo ni dayodi. Ikiwa taa zote hufifia unapobonyeza, waache hao wote, chaji betri.

Kuna swichi nyingine mbili nitazipitia haraka. Ile nyekundu ya kuzima injini, kulia kwenye usukani, ilitakiwa na sheria ya Marekani kuanzia 1974, na waundaji walioiuzia nchi hiyo wakaizoea. Mchezo wa watoto wa mtaani ni kuibonyeza pikipiki ikiwa imeegeshwa. Kwenye baadhi ya pikipiki za zamani swichi hii huzima plagi tu, stata huendelea kuzunguka, na mwenye pikipiki humaliza betri akitafuta ugonjwa usiokuwepo. Nimeona mtu mzima akifungua kabureta nzima kwa sababu hiyo. Sikucheka, nilimpa spana.

Nyingine ni ya stendi ya upande. Pikipiki za karibuni nyingi hujizima ukitia gia huku stendi iko chini. Nyingi za zamani hazina swichi hiyo. Stendi huwa upande wa kushoto, na ukilalia kona ya kushoto ikiwa imening'inia, hugonga lami na kukurusha. Honda waliwahi kuweka kipande cha mpira chini ya stendi ili ikigusa barabara mpira uikokote na kuirudisha nyuma. Mpira ukiisha, kinga imekwisha. Ndiyo maana watu huwapigia bodaboda kelele barabarani, "Stendi! Stendi!"

Turudi kwa mjomba. Plasta ilipotolewa, mimi na fundi wa gereji yetu tulimwekea dayodi nyingine. Tulichagua ya amperi 3. Ile ndogo ya redio ni ya amperi 1 na koili ya rilei ingeweza kuiunguza. Kabla ya kuutoa ule waya tuliwaita baadhi ya majirani waliomcheka. Fundi akatia gia ya kwanza, akafungua ufunguo bila kuwasha injini, akavuta klachi. Taa ya kijani ikawaka mbele ya macho yao. Akaachia, ikazimika. Akavuta, ikawaka tena.

Kisha tukaweka dayodi, tukihakikisha upande wenye mstari umeelekea kwenye waya wa nyutro, maana ukiigeuza itakuwa yale yale. Tukarudia: gia ya kwanza, ufunguo, klachi. Taa haikuwaka. Mjomba aliegemea mkongojo wake, akaivuta klachi mwenyewe mara tatu au nne bila kusema neno. Kisha akamgeukia jirani mmoja na kumuuliza kama bado anataka maziwa ya mkopo.