Kidole, Namba ya Siri na Wizi wa Utambulisho

Mkulima wa kahawa wa kata ya Isansa, wilayani Mbozi, anapokwenda kununua laini ya simu kwa wakala aliyeketi chini ya mwavuli kando ya barabara, huombwa vitu viwili: namba ya kitambulisho cha taifa na kidole. Kidole huwekwa juu ya kioo kidogo, alama yake hulinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), na baada ya muda mfupi hurudi jibu kwamba mwenye kidole ndiye mwenye jina. Utaratibu huu ulianza tarehe 1 Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa.

Kidole kilichaguliwa kwa sababu nzuri. Mistari ya ngozi iliyo katika ncha za vidole hufanyika mtoto angali tumboni, na hata mapacha waliotokana na yai moja hutofautiana. Mashine hutafuta mahali ambapo mstari hukoma au hugawanyika panda, kisha hupima jinsi mahali hapo palivyopangika. Lakini mkono uliozoea jembe husagika. Mistari hufifia, ngozi hupasuka, na mashine aghalabu hukataa kusoma mara ya kwanza.

Hapo ndipo mwizi alipopata mlango. Wakala asiye mwaminifu husema, “Haijasoma, mama, weka tena,” ilhali imekwisha kusoma. Kidole cha pili husajili laini nyingine kwa jina la mama yule yule, nayo huuzwa kwa mtu asiyemjua. Mama hurudi nyumbani na laini moja, lakini kumbukumbu zinaonyesha mbili. Laini ya pili ndiyo itakayotuma ule ujumbe unaojulikana nchi nzima, “Ile pesa tuma kwenye namba hii,” na wapelelezi wakifuata nyayo, jina watakalolikuta ni la mkulima ambaye hajui lolote.

Kinga yake si ngumu. Mwananchi akipiga *106# na kufuata maelekezo, huonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, hana budi kufika katika duka la kampuni ya simu ili iondolewe. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, hupelekwa kwenye namba 15040. Mwenye vidole vikavu yafaa aoshe mikono na kupaka mafuta kidogo nyumbani kabla ya kwenda kujisajili; na anapoambiwa arudie, ana haki ya kuomba kwanza aonyeshwe maandishi yaliyo kwenye mashine.

Kuna kosa jingine ambalo watu wengi hulifanya bila kujua, nalo ni kuchanganya namba inayomtambulisha mtu na namba inayolinda mali yake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Nakala ya kitambulisho huachwa kwa wakala, dukani na kwa mwajiri. Kwa hiyo si siri hata kidogo. Namba ya siri ya tarakimu nne, kwa upande wake, yaweza kupangwa kwa namna 10,000, na akaunti ya fedha hufungwa baada ya makosa machache mfululizo. Ni ulinzi wa kutosha. Lakini mtu akitumia mwaka wake wa kuzaliwa, mwenye nakala ya kitambulisho chake hahitaji kubahatisha. Atasoma tarakimu nne za mwanzo. Tena, namba ya siri iliyojulikana hubadilishwa siku hiyo hiyo. Kidole hakibadilishwi.

Mwizi asiyeweza kubahatisha huuliza. Hupiga simu msimu wa malipo ya kahawa, akijiita mhudumu wa kampuni, kwa sauti ya upole na haraka nyingi. Kampuni za simu hupiga kwa namba 100 tu, na mhudumu wa kweli hana haja ya namba ya siri ya mteja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata hivyo, fedha zilizokwisha kutolewa kwa wakala ni shida kuzirudisha.

Hila iliyo mbaya kuliko zote ni kuihamisha laini ya mtu kwenye kadi mpya kwa kudai kwamba ya zamani imepotea. Dalili yake ni moja: simu ya mwenyewe hupoteza mtandao ghafla, huku za jirani zenye mtandao ule ule zikiendelea kufanya kazi. Mwenye kuona hivyo asingoje asubuhi. Na aazime simu ya jirani huyo, apige 100, aombe laini na akaunti yake vifungwe.