Njegere Kavu na Hemu: Mambo ya Kuzingatia Dukani na Jikoni

Supu ya njegere kavu na hemu ni miongoni mwa vyakula vya zamani vya nyumbani nchini Uingereza, na chimbuko lake ni uchache wa nyama. Kaya iliyokuwa na kipande kimoja cha nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi ilikichemsha pamoja na njegere. Chumvi na mafuta ya nyama vikaingia katika njegere, na chungu kimoja kikatosha watu wengi. Kaskazini Mashariki, katika maeneo ya Newcastle na Durham, njegere zilifungwa kitambaani na kuchemshwa katika maji yale yale ya nyama, kisha zikapondwa hadi zikawa rojo zito liitwalo "pease pudding". Rojo hilo hupakwa kwenye mkate na kuliwa pamoja na hemu hata leo. Supu yenyewe ilijulikana sana hata ukungu mzito wa moshi wa makaa uliokuwa ukiifunika London ulipewa jina lake.

Chakula hiki bado ni cha bei nafuu, ila unafuu huo hutegemea namna mnunuzi anavyosoma lebo.

Njegere hazina matatizo mengi. Zilizopaazwa, yaani zilizoondolewa ganda na kugawanyika nusu, hazihitaji kulowekwa usiku kucha. Huiva kwa muda wa saa moja hivi, au zaidi kidogo zikiwa zimekaa sana ghalani. Njegere nzima ndizo zinazohitaji kulowekwa. Mnunuzi anayelinganisha pakiti ya njegere kavu na kopo la njegere zilizopikwa atazame bei kwa kilo, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei kuu, na akumbuke kuwa njegere kavu zikiiva huongezeka uzito zaidi ya mara mbili.

Pesa nyingi hupotelea kwenye nyama. Kwanza, majina. Nyama iitwayo "gammon" ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi lakini bado ni bichi, na ni lazima lipikwe. Hemu kwa kawaida huuzwa ikiwa tayari kuliwa. Rangi ya waridi ya nyama hizi mbili hufanana, kwa hiyo mnunuzi asihukumu kwa macho; asome maelekezo ya upishi kwenye pakiti. Kwa supu, wapishi wengi huchagua "ham hock", kipande cha mguu kilicho juu kidogo ya kwato. Bei yake ni ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni mfupa na ngozi, lakini hapa mfupa si hasara, kwani ndio unaoipa supu uzito na ladha.

Pili, maji. Baadhi ya watengenezaji huingiza maji ya chumvi ndani ya nyama ili kuihifadhi, na maji hayo huongeza uzito unaolipiwa. Maji yaliyoongezwa yakizidi asilimia 5 ya uzito wa bidhaa, sheria inataka yatajwe katika jina lake: "with added water". Asilimia ya nyama nayo huandikwa kwenye orodha ya viambato. Katika kilo moja ya bidhaa yenye nyama asilimia 85, gramu 150 si nyama. Kipande cha bei ya chini huenda kisiwe nafuu baada ya hesabu hiyo.

Tatu, chumvi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 6 za chumvi kwa siku, na chakula chenye zaidi ya gramu 1.5 katika kila gramu 100 huhesabiwa kuwa na chumvi nyingi. Ni vyema nyama mbichi ya chumvi ilowekwe katika maji baridi usiku kucha ndani ya jokofu, na maji hayo yamwagwe. Chumvi isiongezwe chunguni kabla ya supu kuonjwa mwishoni. Mara nyingi haitahitajika.

Kwa wasiokula nguruwe, yafaa ieleweke kuwa hemu ni nguruwe daima, na kwamba supu ya njegere ya kopo, hata yenye picha ya njegere tupu, yaweza kuwa na mchuzi wa nguruwe. Wenye mzio nao wajihadhari: njegere hazimo katika orodha ya vizio 14 ambavyo ni lazima vikolezwe kwenye lebo, kwa hiyo hazitaonekana kwa herufi nzito. Seleri, inayotumika sana katika supu hii, imo.

Hatari kubwa zaidi huanza baada ya kupika. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens hujifunga katika umbo gumu liitwalo spora, ambalo huhimili kuchemka. Chungu kikubwa cha supu nzito kikiachwa jikoni, katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na humo bakteria huzaliana bila kubadili harufu wala ladha. Kuna wimbo wa kale wa watoto wa Kiingereza unaotaja uji wa njegere uliokaa chunguni siku tisa. Mpishi wa leo asiufuate. Supu igawanywe katika vyombo vipana visivyo na kina, iingie ndani ya jokofu lenye nyuzi joto 5 au chini ya hapo katika muda wa saa moja hadi mbili, na iliwe ndani ya siku mbili. Ipashwe moto mara moja tu, ikikorogwa, hadi itoe mvuke kila mahali. Sehemu isiyotarajiwa kuliwa katika siku hizo igandishwe mara ikishapoa, na ikishayeyushwa iliwe ndani ya saa 24.