UZI: Kwa nini mikataba ya tabianchi haina meno?

1/ Kila mdahalo lazima mtu aulize: "Sisi Kenya tunachafua hewa kidogo sana. Kwa nini tujibane na wakubwa wanaendelea kuchoma makaa ya mawe?" Swali si la kijinga. Twende polepole.

2/ Mtaani kwetu tulichanga kutengeneza barabara. Mimi ndiye nilishika daftari. Waliotoa na waliokataa, wote wanaipita leo. Mchango wa pili ulipokuja, hata wale wazuri wakaanza kunikwepa.

3/ Hewa ni barabara hiyo. Nchi ikipunguza moshi, gharama inabeba peke yake, faida inaenda dunia nzima. Basi kila mmoja anamngoja mwenzake.

4/ Mkataba wa Kyoto wa 1997 uliwekea nchi tajiri viwango vya lazima. Marekani haikuuridhia. Mwaka 2011 Kanada ikatangaza inajitoa. Ule wa Paris wa 2015 unaacha kila nchi ijiandikie ahadi yake. Usipotimiza, hakuna faini.

5/ Lakini kuna uliofaulu: Montreal, 1987, wa kulinda ozoni. Wanachama walizuiwa kufanya biashara ya kemikali zile na nchi zilizokaa nje. Nchi maskini zikapewa muda zaidi na mfuko wa pesa. Kukaa nje kukawa hasara, na nchi zote zikaingia. Ni kweli, kemikali mbadala zilipatikana upesi. Kuacha mafuta na makaa ni kazi nzito zaidi.

6/ Sasa Kenya. Mwaka 2020 tuliahidi kupunguza moshi kwa 32% ifikapo 2030, ukilinganisha na tungekofika bila hatua yoyote. Asilimia 87 ya gharama tulisema itoke nje. Nchi tajiri nazo ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka kufikia 2020. Kwa hesabu ya OECD, zilifika 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo.

7/ Yaani tunakopeshwa ili turekebishe uharibifu ambao wengi wetu hatukuufanya. Hilo deni litalipwa na kodi yako na yangu.

8/ Kwa hivyo mgombea akikuambia "tumesaini", usipige makofi bado. Muulize: Asiyetimiza anapoteza nini? Nani analipa? Ni msaada ama ni mkopo? Akibabaika, hiyo ni barabara bila daftari.