Mbunge akifukuzwa na chama, kwa nini ubunge nao unaondoka?

Mchuuzi wa dagaa wa Katonga akipiga kura ya mbunge wa Kigoma Mjini, anaona amemchagua mtu. Katiba inaona amemchagua mtu wa chama. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompa tiketi, ubunge unakoma. Chama kikimvua uanachama, matokeo ni yale yale, na wapiga kura hawaulizwi chochote.

Kigoma wanalijua hili vizuri. Desemba 2011 NCCR-Mageuzi ilimvua uanachama David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini. Alikimbilia mahakamani, akapata zuio, akabaki bungeni mpaka 2015.

Zitto Kabwe wa Kigoma Kaskazini yalimkuta makubwa zaidi. Aprili 2012, akiwa CHADEMA, alizungusha karatasi ya saini ili Bunge lipige kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Hoja hiyo inahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge na taarifa ya siku 14 kwa Spika. Hata Deo Filikunjombe wa CCM alisaini, na kwa mbunge wa chama tawala hilo si jambo dogo. Hoja haikufika mezani, lakini mwezi uliofuata Rais Kikwete alipangua Baraza la Mawaziri.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Novemba 2013, chama chake mwenyewe kilimvua vyeo. Kesi ikamkinga hadi Machi 2015. Ilipotupwa, CHADEMA ikatangaza si mwanachama tena, naye akaliaga Bunge.

Sasa mwananchi atajuaje mbunge wake anapigaje kura? Hapo kuna shida. Mambo mengi Dodoma huamuliwa kwa sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Nani kasema nini, inapotelea ukumbini. Bajeti kuu ndiyo mbunge huitwa kwa jina na kujibu waziwazi. Ila na hapo kuna mtego: Bunge likiikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mbunge gani wa chama tawala atataka kurudi jimboni kuomba kura kabla ya wakati?

Tanzania haina Seneti. Kenya wanayo, na huko adhabu ya chama ilionekana kwa namba. Mei 22, 2020 maseneta walimwondoa Kithure Kindiki kwenye unaibu spika kwa kura 54 dhidi ya 7, baada ya chama chake cha Jubilee kumwona si mtiifu kwa Rais Uhuru Kenyatta. Cheo kilienda, lakini useneta wa Tharaka Nithi alibaki nao hadi 2022. Tofauti ndiyo hiyo: Kindiki alipoteza kiti cha mbele, Zitto alipoteza jimbo zima.

Zitto alirudi Oktoba 2015 kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, safari hii Kigoma Mjini, Katonga ikiwemo. Akawa mbunge pekee wa chama hicho kutoka majimboni, na kiongozi wa chama alikuwa yeye mwenyewe. Hapo wa kumfukuza angetoka wapi?