Tabia Huanzia Mwilini

Siku ya kliniki pale Kibirichia, kaskazini mwa Mlima Kenya, watoto wa wiki 14 hudungwa chanjo ya pentavalenti pajani. Mmoja hukunja uso, akanyonya, akasahau. Mwenzake hujipinda, hupiga mateke na kulia hadi sauti ikauke. Mama wa kwanza huambiwa amejaliwa mtoto mpole. Wa pili, kwamba amezaa mkorofi. Sindano ni ile ile. Kinachotofautiana ni namna mwili unavyoipokea.

Tunapotishika, amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, hupeleka habari, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, mboni hupanuka, viganja vinatoa jasho. Sote tuna mfumo huu, ila kwa wengine huamka upesi zaidi. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wa miezi minne vitu vya kuning'inia, akawanusisha pamba yenye alkoholi. Karibu mmoja kati ya watano alitupa mikono na miguu, akalia. Walipokua, hao ndio walioelekea zaidi kuwaogopa wageni, ingawa si wote: malezi nayo yana nguvu zake.

Utulivu wa uso, kwa upande wake, hudanganya. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kuchukiza. Walioagizwa wafiche hisia walifaulu usoni, lakini ngozi zao zilitoa jasho kuliko za wenzao. Mkulima wa waru anayemsikiliza dalali akitaja bei bila kupepesa jicho huenda anachemka ndani.

Utafiti unaonigusa kuliko yote ulifanyika kwetu, Umaasaini. Marten deVries alichunguza watoto wachanga, akatenga wapole na wasumbufu. Ukame mkali wa miaka ya 1970 ukaingia. Alipowatafuta tena aliweza kufuatilia 13 tu: kati ya wapole 7, 5 walikuwa wamefariki, kati ya wasumbufu 6, mmoja. Matokeo hayo, ambayo deVries aliyachapisha mwaka 1984, ni ya idadi ndogo mno kujengea kanuni. Hata hivyo maelezo yake yana mantiki. Ng'ombe wakikauka maziwa, mtoto anayelia hunyonyeshwa kila mara, na titi linalonyonywa mara nyingi hutengeneza maziwa zaidi.